Neno "Elnino": Asili Yake, Safari Yake, na Matumizi Yake Katika Milima ya Upare

Maneno ya kigeni yaliyoingia katika Kiswahili ni mengi, na mengi yao yalichukua muda mrefu kuzoeleka. Neno "elnino" halikungoja. Katika kamusi iliyotengenezwa chini ya Frederick Johnson na kutolewa mwaka 1939 halimo, wala hapana mzee aliyelisikia kwa baba yake. Kabla ya vuli ya mwaka 1997 lilijulikana kwa wataalamu wa hali ya hewa na kwa wasomaji wachache wa magazeti. Kabla ya masika ya mwaka 1998 lilikuwa limefika vinywani mwa watu wote, tangu pwani hata bara. Leo katika soko la Same mtu akiona wingu zito limekaa juu ya Shengena husema, "Hii ni elnino," na hapana amwulizaye asema nini.

Katika kurasa hizi twataka kuuliza swali lile lisiloulizwa. Tutatazama kwanza neno hili latoka wapi. Pili, liliingia kwetu kwa njia gani. Tatu, kwa nini lilikaa, hali maneno mengine ya magazeti hupita kama umande. Na mwisho, kama matumizi yake ya sasa yafaa au hayafai. Msomaji asidhani kwamba twacheza na herufi. Katika vijiji vilivyo juu ya miteremko ya Upare wa Kusini, watu husikia neno hili likitangazwa, na kwa ajili yake huamua kupanda au kutopanda, kulala nyumbani au kuhama. Neno lililo na kazi kubwa namna hiyo lapaswa kupimwa.

Asili yake

Neno hili ni la Kihispania, nalo ni maneno mawili: "el", kiungo kinachotangulia majina katika lugha ile, na "niño", maana yake mtoto wa kiume. Likiandikwa kwa herufi kubwa, El Niño, Wahispania hufahamu Mtoto Yesu. Vijana wetu wapendao mpira wamekwisha kulisikia kwa maana yake ya kwanza bila kujua, kwa kuwa mchezaji Fernando Torres wa Hispania aliitwa kwa jina hilo hilo, yaani "Mtoto", kwa sababu alianza kucheza akiwa kijana sana.

Lakini mtoto ana habari gani na mvua? Yatupasa kwenda mbali, mpaka pwani ya Peru katika Amerika ya Kusini. Bahari ya huko ni baridi, lakini kila mwaka, karibu na sikukuu ya Krismasi, mkondo wa maji ya moto hushuka kutoka kaskazini ukifuata ufuko. Mabaharia wa bandari ya Paita waliuita mkondo ule kwa jina la Mtoto, kwa sababu ulikuja katika siku za kuzaliwa kwake. Mwaka 1892 nahodha mmoja wa Peru, Camilo Carrillo, aliwaarifu wenzake wa Chama cha Jiografia cha Lima habari za mkondo huu na jina lake, na hivyo jina la wavuvi likaingia katika vitabu.

Basi hapo mwanzo jina hili lilikuwa la jambo dogo, la mahali pamoja, lijalo kila mwaka. Ndipo wataalamu walipoona ya kuwa katika miaka fulani maji yale ya moto hayaondoki upesi, bali huzidi na kuenea mbali katika Bahari ya Pasifiki, wakalichukua jina la mkondo mdogo wakalipa jambo kubwa. Gilbert Walker, Mwingereza aliyekuwa mkuu wa idara ya hali ya hewa ya India, alionyesha katika miaka ya 1920 kwamba uzito wa hewa hupanda upande mmoja wa Pasifiki unaposhuka upande wa pili, kama mizani. Mwaka 1969 Jacob Bjerknes aliyafunga mambo hayo mawili pamoja, ya bahari na ya hewa, akaeleza jinsi moja linavyolisukuma jingine. Tangu hapo El Niño ni jina la hali ya bahari na hewa ijayo kila baada ya miaka miwili hadi saba, nayo hugeuza mvua za nchi nyingi zilizo mbali sana na Peru.

Msomaji na aliangalie jambo hili vema, maana tutalirudia: neno hili lilikuwa limekwisha kuhamishwa mara moja, kutoka kwa wavuvi mpaka kwa wataalamu, kabla ya kutufikia sisi.

Njia iliyoingilia

Je, lilitufikia kwa sikio au kwa jicho? Jibu lake limo ndani ya neno lenyewe. Ile herufi ya Kihispania yenye kiwimbi juu ya "n" hutamkwa kama "ny" yetu katika nyumba na nyama. Kiswahili hakina shida yoyote na sauti hiyo. Tena ni nyepesi kwetu kuliko kwa Waingereza. Kama neno hili lingalitujia kwa vinywa vya Wahispania, hapana shaka tungalisema "elininyo". Lakini watu wote husema "elnino" au "elinino". Hii yaonyesha kwamba neno liliingia kwa maandiko ambayo kile kiwimbi kilikuwa kimeanguka njiani. Msomaji wa kwanza alisoma alichokiona, na wasikilizaji wakamfuata yeye.

Tulinganishe na neno "shule". Hili ni la Kijerumani, nalo liliingia kwa sikio. Wamisionari wa Leipzig walifika Shigatini, Upare wa Kaskazini, mwaka 1900, na serikali ya Wajerumani ilikuwa na shule zake. Watoto wakasikia sauti ya "sh" ikitamkwa kila asubuhi, wakaishika kama ilivyo, bila kujua kwamba Wajerumani huiandika kwa herufi tatu. Unguja, ambako Wajerumani hawakutawala, watu wa huko husema "skuli", kutoka Kiingereza. Hivyo neno moja tu laweza kutuambia ni nani aliyefundisha wapi. Kadhalika "hela" ni ile Heller ya Wajerumani, sarafu iliyokufa zamani, jina lake likabaki kwa fedha yoyote. Maneno kama haya ni kama mihuri juu ya barua: ukijua kuisoma, wajua barua ilipita posta gani.

Muhuri wa "elnino" basi ni wa gazeti. Hii si aibu kwake, lakini yatueleza jambo moja. Neno lililoingia kwa sikio huja pamoja na kitu chake: mtoto aliyesikia "shule" aliiona shule. Neno lililoingia kwa karatasi huja peke yake, na watu hulitafutia kitu cha kulivika. Mwaka 1997 kitu hicho kilipatikana upesi.

Kwa nini lilikaa

Vuli ya mwaka 1997 haikuwa na kiasi. Mvua zilianza mwezi wa Oktoba, zikapita mwisho wake wa kawaida, zikaendelea mpaka mwanzo wa mwaka 1998. Barabara na madaraja yalikatika, reli zilibebwa na maji, kipindupindu kikaenea, na homa ya Bonde la Ufa ikaua watu na mifugo katika Kenya, Somalia na Tanzania. Watu walitafuta jina la jambo lile, na jina lilikuwa limekwisha kuandikwa katika magazeti.

Wako wasemao kwamba wenzetu walilishika neno hili kwa ujinga na kwa kupenda ugeni. Sisi hatukubali. Hebu tuyahesabu maneno ya Kiswahili yaliyokuwapo. Tunayo majina ya majira: masika, vuli, kiangazi, kipupwe. Tunayo majina ya pepo: kaskazi na kusi. Haya yote ni majina ya mambo yajayo kwa zamu yake, nayo yalitungwa na watu wa pwani walioishi kwa tanga na jahazi. Tena tunayo gharika na mafuriko, lakini haya ni majina ya maji yakiisha kuwa juu ya nchi, wala si ya mvua yenyewe. Tunayo tufani na dhoruba, lakini hizo huja na upepo zikapita kwa saa chache. Neno moja la kuitaja mvua ya majira iliyovunja mpaka wake, ikanyesha miezi badala ya majuma, hatukuwa nalo. Palikuwa na nafasi tupu, na "elnino" likaketi hapo.

Idara ya hali ya hewa ina maneno yake ya jambo hilo, nayo ni "mvua za juu ya wastani". Ni maneno ya haki na ya kweli. Lakini mwalimu yeyote ajaribu kumweleza mkulima wa Vunta wastani ni nini, wa miaka mingapi, na umepimwa wapi, ataona kwa nini neno fupi la kigeni lilishinda maneno matano ya nyumbani. Neno "wastani" lina hesabu ndani yake. "Elnino" lina kumbukumbu. Watu hufuata kumbukumbu.

Hata sarufi ya neno hili yaonyesha kwamba limekwisha kuwa mwenyeji. Husemwa "mvua za elnino", na tena "elnino imekuja", kwa upatanisho wa ngeli ile ile ya mvua. Tena limepata maana tatu, na ni lazima tuzitenge, kwa sababu makosa yote hutoka katika kuzichanganya. Maana ya kwanza ni ya wataalamu: hali ya Bahari ya Pasifiki. Maana ya pili ni jina la mwaka: "alizaliwa wakati wa elnino", yaani mwaka 1997 au 1998, kama vile wazee wa nchi zetu walivyoipa miaka majina ya njaa, nzige na magonjwa. Maana ya tatu ni ya mitaani: mvua yoyote kubwa, wakati wowote, hata ya masika.

Neno la Kijerumani lililo mfano wake

Kabla hatujahukumu, tutazame lugha nyingine iliyopatwa na jambo kama hili. Katika milima ya Alps, kusini mwa nchi ya Wajerumani na katika Uswisi na Austria, kuna upepo uitwao Föhn. Asili ya neno hili ni Kilatini: Warumi waliuita upepo mwanana wa magharibi Favonius, nao uliwaletea majira ya maua. Watu wa milimani walilipokea jina hilo, wakalipunguza vinywani mwao, wakalitia juu ya upepo mwingine kabisa, wenye joto na ukavu, ushukao kwa nguvu mabondeni na kuyeyusha theluji. Wenyeji huusingizia kuumwa na vichwa na hasira za nyumbani. Ndipo mwanzoni mwa karne ya 20 kiwanda kimoja kilipotengeneza mashine ya kukaushia nywele, kikaiita Fön. Na leo Mjerumani asemapo neno hilo, mara nyingi hana mlima wala upepo moyoni, bali kile chombo cha bafuni.

Tumelichagua neno hili kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba upepo huo ni ndugu wa upepo wetu wa Same. Hewa ya unyevu itokayo baharini hukutana na milima ya Upare upande wa mashariki, hupanda, hupoa, na kuacha mvua yake juu ya Mamba, Gonja na Vunta, kando ya Shengena wenye mita 2,462. Ikiisha kuvuka kilele hushuka upande wa magharibi, na kwa kushuka hupata joto na kukauka. Hivyo mji wa Same hupata mvua ya milimita 500 hadi 600 tu kwa mwaka, hali miinuko ya mashariki, mwendo wa kutwa moja kwa miguu, hupita 1,000. Mkonge na miiba huku, migomba na tangawizi kule. Na mlima ni mmoja.

Sababu ya pili ni fundisho lake. Neno Föhn lilihama mara mbili, kutoka upepo mwanana mpaka upepo mkali, kutoka upepo mkali mpaka chombo, na hapana Mjerumani aliyepata hasara, kwa kuwa hapana awezaye kuidhania mashine ya nywele kuwa ni upepo wa mlimani. Nasi pia tunalo neno la namna hiyo. Mtoto wa Same asemapo "kaskazini" hafikiri kabisa juu ya upepo wa kaskazi ulioleta majahazi kutoka Arabuni. Kwake ni upande wa Moshi tu. Neno limeacha bahari na kupanda mlima, wala halikumdhuru mtu. Basi kuhama kwa neno si dhambi. Dhara huingia pale maana ya zamani na maana mpya zinapoishi nyumba moja, na msikilizaji asijue ni ipi iliyomjibu mlangoni.

Dhara iliyopo

Hivyo ndivyo ilivyo kwa "elnino". Mtaalamu atangazapo kwamba kuna Elnino, asema juu ya Pasifiki. Mkulima asikiapo, afahamu mvua kama za mwaka 1997. Mambo hayo mawili yana ujamaa, maana mara nyingi miaka ya Elnino huongeza mvua zetu za vuli. Lakini si kitu kimoja, na miaka yenyewe yatushuhudia.

Mwaka 1961, mwaka wa Uhuru wa Tanganyika, mvua za vuli zilikuwa nyingi mno katika Afrika Mashariki yote, na katika miaka iliyofuata Ziwa Viktoria likapanda kwa mita zipatazo 2. Lakini mwaka ule Pasifiki haikuwa na Elnino. Mwaka 2015 Elnino ilikuwapo, tena mojawapo ya zile kubwa kabisa zilizopata kupimwa. Watu wakaonywa, wakajitayarisha, na vuli yetu haikukaribia ile ya mwaka 1997. Mwaka 2019 haikuwapo Elnino ya kutajika katika miezi ya vuli. Lakini mvua zilizidi, mafuriko yakapiga sehemu za mkoa wa Tanga, na mwezi wa Novemba udongo ukaporomoka katika Pokot Magharibi, Kenya, ukaua watu zaidi ya 40. Mwaka 2023 Elnino ilitangazwa na mvua ikaja kweli, na tarehe 3 Desemba matope ya mlima Hanang yakaua watu zaidi ya 80 huko Katesh.

Sababu ya kutofautiana huku imejulikana vema tangu mwaka 1999, Saji na wenzake walipoandika katika jarida la Nature habari za mizani nyingine iliyo karibu nasi zaidi, yaani ya Bahari ya Hindi. Maji ya upande wetu yakipata joto kuliko kawaida, na yale ya upande wa Sumatra yakipoa, vuli yetu huzidi. Mwaka 1997 mizani ya Pasifiki na mizani ya Hindi zililemea pamoja, ndiyo maana mvua zilipita kiasi. Mwaka 1961 na 2019 ilikuwa ya Hindi peke yake. Mwaka 2015 ya Pasifiki ilikuwa na nguvu, ile ya Hindi ikawa dhaifu. Nayo masika, yanyeshayo Machi hadi Mei, hayafungamani sana na Elnino. Kwa hiyo asemaye "elnino ya masika" asema maneno mawili yasiyojuana.

Hapo ndipo hasara inapozaliwa, nayo ni ya namna mbili. Mwaka Elnino inapotangazwa na mvua isizidi, watu husema wataalamu ni waongo, na safari nyingine hawasikii. Mwaka isipotangazwa, watu hudhani wamesalimika. Neno moja limefanywa kuwa mlinzi wa mlango mzima, na mlinzi huyu hulala siku ambayo mwizi huja kwa dirisha.

Tena kuna jambo la tatu, ambalo kwa sisi wa milimani ni kubwa kuliko yote. Mwezi wa Novemba mwaka 2009 mteremko uliporomoka usiku katika kijiji cha Goha, Mamba Miamba, wilaya ya Same, ukafunika nyumba na watu waliolala ndani. Waliokufa hawakupungua 20. Mwaka ule Elnino ilikuwapo, na wengi walisema basi ndiyo iliyowaua. Sisi twaona jibu hilo ni jepesi mno. Elnino ilikuwa juu ya nchi yote, lakini udongo ulianguka mahali pale. Mteremko hauulizi jina la mwaka. Huuliza maji mangapi yameingia ndani yake kwa siku ngapi, miti mingapi imebaki kuushika, na ni nani aliyeukata ukingo wake ili apate kiwanja. Anayesema "ni elnino" ameufunga uchunguzi kabla haujaanza, na nyumba inayofuata itajengwa pale pale.

Juu ya wale wasemao neno lifutwe, na wale walipambao

Wako walimu watakao neno hili lifutwe katika madaftari ya watoto, na pahali pake patiwe neno la Kiswahili safi. Twawauliza, neno gani? "Gharika" lina Nuhu ndani yake, nalo kulitumia kila Novemba ni kulichosha. Neno lililoshikwa na watu milioni nyingi kwa miaka zaidi ya ishirini na mitano halifutwi kwa wino mwekundu.

Wako na wengine, hasa katika mimbara, waliosikia kwamba maana yake ni Mtoto Yesu, wakalifanyia mahubiri: kwamba jina hilo limepewa mvua ya maangamizi kwa siri fulani. Ndugu zetu hawa twawasihi wawe na hadhari. Wavuvi wa Paita hawakuwa na siri; walitazama kalenda. Asili ya neno yatuambia lilikotoka, haituambii lina maana gani leo, wala haituambii kwa nini mteremko ulianguka. Mtu ajengaye fundisho juu ya asili ya neno peke yake amejenga juu ya udongo ule ule wa Goha.

Lifanywe nini

Shauri letu ni dogo, nalo lawezekana katika shule yoyote. Maana ya pili, ya jina la mwaka, na iachwe. Ni nzuri, yawasaidia wazee kuhesabu umri, na haimdanganyi mtu. Maana ya tatu na iachwe sokoni, ilikozaliwa. Hatuwezi kuwafuata watu mpaka kwenye mafungu ya nyanya. Lakini katika darasa la jiografia, katika barua ya serikali ya kijiji, na katika tangazo lisomwalo kanisani au msikitini, neno "Elnino" na litumike kwa maana ya kwanza tu, yaani hali ya bahari, na liandikwe kwa herufi kubwa kama jina la pekee. Mvua yenyewe na iitwe kwa jina la majira yake: vuli iliyozidi, masika yaliyozidi. Hivyo mtu ataweza kusema sentensi ambayo leo haiwezi kusemwa bila kuleta kicheko: "Mwaka huu Elnino ipo, lakini vuli haikuzidi."

Pili, watoto wafundishwe kupima. Kopo lililonyoka pande zake, kuwekwa mahali pa wazi, na rula ya shule, hutosha. Mtoto wa Mamba aandikaye kila asubuhi milimita za usiku uliopita atajua mwisho wa vuli ya kwanza kwamba usiku mmoja waweza kuleta sehemu kubwa ya mvua ya mwezi. Naye akiwa mkubwa hataridhika na kuambiwa neno tu.

Tatu, tusidharau elimu iliyokuwapo kabla ya gazeti. Wapare walichimba ndiva, yaani mabwawa madogo yakusanyayo maji ya mfereji usiku ili yafunguliwe mchana kwa zamu. Na anayeishi kwa zamu ya maji hujua kwa mikono yake mlima una maji mangapi. Isaria Kimambo, katika kitabu chake cha historia ya Wapare kilichotolewa mwaka 1969, aliandika juu ya koo zilizosifika kwa mambo ya mvua, na Wambaga miongoni mwao. Sisi hatuombi matambiko yale yarudishwe. Twasema tu kwamba watu walioiangalia mvua kwa vizazi vingi namna hiyo hawakosi kuwa na maneno yake.

Na hapo ndipo tungependa wasomaji wetu watusaidie. Ernst Kotz, mmisionari wa Waadventista, alitoa sarufi ya Chasu iliyochapwa mwaka 1909. Lakini sarufi hupanga viungo vya lugha, haikusanyi kila neno la mlimani. Walimu walioko Usangi, Ugweno, Mbaga, Chome na Gonja na wawaulize wazee: mvua nyembamba isiyokatika huitwaje? Mvua ya kwanza ya vuli je? Na ardhi iliyoshiba maji, itoayo chemchemi mahali pasipokuwa na chemchemi jana, ina jina? Kama jina hilo la mwisho lipo, basi ni la thamani kuliko "elnino" mara mia, kwa sababu lingewaambia watu watoke nyumbani usiku ule ule. Majibu yakitufikia tutayapanga na kuyachapa hapa, kila neno pamoja na kijiji lilikotoka.